Mstari Mwekundu

Vilikuja ndani ya masanduku ya bati, vishikwambi thelathini,
na watoto wa darasa la tano ni sabini na wawili.
Mwalimu mkuu, Bwana Mwakideu, akavihesabu mara tatu
kama mtu anayehesabu mahari ya bintiye,
akavifungia kabatini, ufunguo akauvaa shingoni,
na muhula mzima tukafundisha teknolojia
kwa chaki.

Nilichora kishikwambi ubaoni, pembe nne na kitufe.
"Hapa ndipo pa kuwashia," nikasema.
Kadzo akainuka, akagusa ubao,
akakitazama kidole chake cheupe kwa vumbi.
"Mwalimu, stima zimepotea."
Tulicheka hata darasa la sita wakatugongea ukuta.

Muhula wa pili ufunguo ulishuka shingoni
(mkaguzi alikuwa yuaja).
Sifichi, nami nilifurahi.
Watatu watatu kwa kila kioo, vichwa vimegusana,
feni ya darini imekufa tangu Ramadhani,
jasho la Kongowea la mwezi wa Machi likidondoka juu ya glasi,
na glasi, ikidhani jasho ni kidole,
ikifungua kurasa asizoziomba mtu.
Lakini nilimwona Mwachiro, asiyetamka neno tangu Januari,
akiupasua moyo wa chura usio na damu
na kuwaonyesha wenzake damu ingepita wapi.
Sitautukana mtambo uliomfungua mdomo mtoto yule.

Siku ya insha: *Asubuhi Nyumbani Kwetu.*
Munira Shekuwe aliandika kwa vidole viwili:

*Nyanya huniamsha. "Ndoo mwanangu, osha mato,
mtele u mekoni, na ndia ni ndefu."*

Kishikwambi kikaanza kazi.
*Mato*, mstari mwekundu.
*Mtele*, mstari mwekundu.
*Ndia*, mstari mwekundu.
*Ndoo* hakikuigusa. Kilidhani ni ya maji.

"Mwalimu," akaniuliza, wala hakuwa analia,
"nyanya yangu ni makosa?"

Nje ya dirisha wapakuzi wa viazi walikuwa wakigombania gunia.
Nilikuwa na jibu tayari:
kwamba mashine haijui kitu,
kwamba waliyoiunda hawajawahi kukanyaga Mvita.
Jibu zuri. Lingenisafisha.

Kisha nikaikumbuka droo yangu.
Kalamu za wino mwekundu, dazeni kwa dazeni,
miaka ishirini na sita.
Ni madaftari mangapi nimeyapigia *mato* mstari
na kuandika pembeni, kwa mwandiko wangu wa kusifiwa, *macho*?
La mamake Munira lilikuwamo.
Na mimi, mamangu alinilaza kwa neno hilo hilo:
fumba mato, fumba mato.

Mashine haikuzaliwa na kiburi.
Ilirithi. Pengine rundo la kwanza ililosomeshwa
lilitoka mezani kwangu.

"La," nikamwambia. "Nyanya yako si makosa.
Mimi ndiye niliyekosea, na hiki kimeniiga."
Hakunielewa. Alikuwa ameshashika neno kwa kidole,
akalibana hadi kikatokea kijisanduku:
*Ongeza kwenye kamusi.*
Akaongeza. Mstari ukafa.
Akaongeza la pili, na la tatu,
na Kadzo akaniuliza kama huko ndani
mna nafasi ya maneno ya kwao Kaloleni.

Saa tisa vikarudi kabatini, chaji asilimia nne.
Sijui vitakumbuka nini.
Bwana Mwakideu anasema mkaguzi akija
vitafutwa, vianze upya.

Ijumaa mkongwe alisimama mlangoni mwa darasa,
buibui limejaa unga wa mahamri,
akachungulia ndani kama anayetafuta kioo cha kujitazamia.
"Mwalimu, ati mumenitia humo?
Mungalinambia mapema,
ningalijifunga leso mpya."